Samaki Anayekwenda Kutaga, Avuliwe?

Mwezi Machi, barafu ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye kivuli cha kingo, watu huingia Mto Maumee hadi kiunoni. Wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wamesimama bega kwa bega kama safu ya swala, kila mmoja akirusha mshipi upande wa juu wa mto, akiuacha uburutwe na maji, akiuvuta, akirusha tena. Mmoja akichelewa kuvuta, mishipi minne inasokotana, na hapo utasikia maneno yasiyoandikika. Ng'ambo hii ni mji wa Maumee, ng'ambo ile ni Perrysburg, na juu ya kilima ipo ngome ya Meigs ambako Wamarekani na Waingereza walitwangana mizinga mwaka 1813. Siku hizi vita vya hapo ni vya kugombea mahali pa kusimama.

Maumee uko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ohio, Marekani. Unaanzia Fort Wayne katika jimbo jirani la Indiana, inapokutana mito ya St. Joseph na St. Marys, na kuingia Ziwa Erie kwenye mji wa Toledo. Bonde lake ni kubwa kuliko la mto mwingine wowote unaomwaga maji katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Anayewatoa watu vitandani alfajiri ya baridi namna hiyo ni samaki aitwaye wolai. Mvuvi wa Mwanza akimwona angemdhania sangara mdogo, na asingelaumiwa: umbo refu, miiba kwenye pezi la mgongo, meno makali. Lakini hao ni koo mbili mbalimbali. Ndugu wa karibu wa wolai ni zanda wa mito na maziwa ya Ulaya. Jina la wolai limetokana na jicho. Nyuma ya mboni pana utando unaorudisha mwanga kama wa paka, ndiyo maana jicho lake huonekana jeupe, kama la kipofu, kumbe ndilo linaloona gizani kuliko macho ya samaki wadogo anaowawinda. Watu wa huko wamempenda kupita kiasi. Timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Toledo ina jina lake, na mji wa Port Clinton, usio mbali, hukaribisha mwaka mpya kwa kushusha sanamu yake kutoka angani saa sita usiku.

Ubishi ni huu. Wolai hapandi mto kutembea, anakwenda kutaga. Jike anayenaswa mwishoni mwa Machi ana tumbo lililotuna, na akipasuliwa mezani mayai yote huishia kwenye ndoo. Hata mtu asiyejua kushika ndoano huona hapo pana jambo la kukera. Wawindaji wengi humwacha mnyama mwenye mimba. Jimbo la Minnesota limelifanya wazo hilo kuwa sheria: katika maziwa yake ya ndani, uvuvi wa wolai hufungwa mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Mei, na siku ya kufungua ni kama sikukuu. Wisconsin nayo hufunga sehemu kubwa ya maji yake ya ndani mpaka Jumamosi ya kwanza ya Mei. Kwenye Mto Rainy, mpakani mwa Minnesota na Canada, wameshika njia ya katikati: siku hizi mtu huruhusiwa kuvua hadi Aprili 14, ila kila wolai hurudishwa majini. Ohio yenyewe huwaacha watu wavue na wapeleke nyumbani, samaki 6 kwa mtu kwa siku, mradi asipungue inchi 15, yaani sentimita 38.

Niseme mapema nionavyo. Kwa Maumee, Ohio haijakosea, lakini sababu wanazozitoa wavuvi wake si zile zinazoifanya isikosee, na ruhusa hiyo haihamishiki kwenda mto mwingine kama mtu anavyohamisha kiti.

Kwanza inafaa kumjua samaki mwenyewe. Maji yakipanda kufika nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, madume huanza kuingia mtoni. Kutaga hushika kasi maji yakiwa kati ya nyuzi 6 na 11, na kwa Maumee hiyo huwa Machi kuelekea Aprili, ikitegemea mwaka umeamkaje. Madume ni wadogo, wengi wa sentimita 40 hivi. Hutangulia, wakakaa wakisubiri kwa wiki kadhaa. Jike huja akiwa tayari. Usiku huingia kwenye maji ya kina kifupi yanayokimbia juu ya changarawe, madume kadhaa wakimzunguka, akamwaga mayai, kisha haoni sababu ya kuendelea kukaa. Siku chache, na amesharudi ziwani. Jike mkubwa hubeba mayai laki kadhaa, lakini hajengei hata moja kiota. Yeye si sato anayelea mayai mdomoni. Mayai hunata kwanza, kisha huzama kwenye nafasi baina ya vijiwe na kuachiwa bahati kwa wiki mbili au tatu. Vifaranga wakianguliwa hawana nguvu ya kupambana na mkondo. Huchukuliwa tu hadi ziwani, na wasipokuta vijidudu vya majini vya kula ndani ya siku chache, habari yao imekwisha.

Tabia hiyo ya dume kukaa na jike kupita ndiyo hoja kubwa kuliko zote, na ajabu ni kwamba haisikiki sana ukingoni. Kwa kuwa dume yuko mtoni kwa wiki nyingi na jike kwa siku chache, sehemu kubwa ya wanaonaswa ni madume. Na dume mmoja anatosheleza majike wengi. Kwa hiyo ndoo ya mvuvi wa Maumee, hata ikijaa, hupunguza mayai ya mto kwa kiasi kidogo kuliko inavyodhaniwa na anayeitazama kwa huruma.

Hoja inayosikika zaidi ni nyingine: samaki aliyekufa Oktoba hatagi Aprili, kwa hiyo kuna tofauti gani ukimla kabla ya majira au katikati yake? Kwa hesabu ya mayai ni kweli. Lakini hoja hiyo inaruka jambo moja. Oktoba wolai ametawanyika kwenye ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na kumpata kunahitaji mashua, mafuta na kubahatisha. Aprili amejileta mwenyewe kwenye mto ambao mtu anaweza kuuvuka kwa miguu. Hatari ya kuvua mazaliani ni urahisi. Samaki wanaweza kubaki kumi tu na mvuvi asigundue, maana hao kumi wote wako mbele yake.

Watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kuambiwa hilo na Mmarekani. Ningu alikuwa samaki wa kutegemewa kwenye mito ya Nzoia, Yala na Kagera. Mvua zikianza alipanda kutaga kwenye majani ya mafuriko, na wenyeji walimtega kwa migono na vizuizi vya fito, vizazi na vizazi, naye aliendelea kurudi. Mwaka 1905 nyavu za makila ziliingizwa kwenye ghuba ya Kisumu. Baadaye zikatandwa kwenye midomo ya mito, hasa wakati samaki anapopanda, na kufikia katikati ya karne iliyopita ningu alikuwa amepungua kiasi cha kutotegemewa tena. Majira yaliyomwangamiza ndiyo yale yale aliyovuliwa tangu zamani. Kilichobadilika ni zana.

Ohio imelielewa somo hilo, au imelifikia kwa njia yake. Haikufunga majira, imefunga mikono ya mvuvi. Kuanzia Machi 1 hadi Mei 1, kwenye Maumee na jirani yake Sandusky, unavua tangu jua kuchomoza hadi kuzama, basi. Ndoano ni moja tu kwenye mshipi, na kati ya shina na ncha haizidi nusu inchi. Zile za ncha tatu ni marufuku. Samaki aliyeingiwa na ndoano mgongoni, tumboni au mkiani si wako, mrudishe hapo hapo. Ipime sheria hiyo kwa tabia za wolai uone ilivyo na akili: samaki hutaga zaidi usiku, na usiku mto ni wake.

Yapo bado maneno juu ya zana. Wengi hapo hutumia chubwi zito la risasi linalogonga mawe ya chini, na nyuma yake uzi mrefu, sentimita 60 au hata 90, wenye ndoano na kijichambo cha mpira chenye mkia, cha rangi ya kung'aa. Kwa maelezo ya kistaarabu, wolai huudhika na kitu kinachopita mbele ya pua yake akakibamiza. Baadhi ndivyo wanavyonaswa, sina shaka. Ila samaki amelala ameuelekea mkondo, mdomo unafunguka na kufunga, na uzi mrefu unaopita ubavu kwa ubavu unaweza kuingia mdomoni bila yeye kutaka. Mvuvi akivuta kwa nguvu, uzi huteleza hadi ndoano inajichoma kwenye taya kutokea nje. Wenyewe wameupa mtindo huo jina la ule uzi wa kusafishia meno. Sheria inataka ndoano iwe imeingia ndani ya mdomo, kwa hiyo samaki wa namna hiyo ni wa kurudishwa, lakini nani anachungulia mdomo wa samaki wa jirani jua likichomoza, mkono umekufa ganzi?

Kwangu, hapo ndipo penye unafiki wa uvuvi huu, na si kwenye mayai. Mtu anayejiita mwanamichezo huku akivuta uzi mrefu kila sekunde kumi anakokota tu, ndoano yake ni upanga mdogo. Tusijidanganye kwamba mchezo wa samaki husafisha tabia. Septemba 2022, mashindano ya kuvua wolai huko Cleveland yalivunjika kwa aibu pale samaki wa washindi walipopasuliwa hadharani wakakutwa wamejazwa vipande vya risasi ili waongezeke uzito. Hiyo haikuwa mtoni wala majira ya machipuko, lakini inatosha kumkumbusha mtu kwamba sheria ya ndoano inahitaji jicho la kuitazama ndoano.

Na hapo sheria ya Ohio ina gharama isiyoandikwa. Kuna askari wa wanyamapori wanaotembea ukingoni, leseni zinazokaguliwa, mahakama inayotoza faini. Palipo na hayo, unaweza kuruhusu majira na kubana zana. Pasipo na hayo, kalenda ndiyo askari rahisi. Tanzania ilipofunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, 2024, haikuhitaji kupima tundu la kila wavu: chombo kilicho majini kina kosa, kilicho pwani hakina. Anayesema Minnesota ni wakali na Ohio ni wajanja anasahau kwamba Minnesota ina maelfu ya maziwa ya kulinda, na huwezi kumweka askari kwenye kila kijito.

Lakini hata tukimaliza habari ya zana, bado hatujagusa kinachoamua wolai wa Erie wawe wengi au wachache. Mwaka 2003 ni mfano mzuri. Miaka hiyo hifadhi ya samaki ilikuwa imedhoofika, na kiwango cha kuvua kwa ziwa kilikuwa kimeshushwa hadi samaki milioni 3.4 kwa mwaka. Watagaji hawakuwa wa kutisha kwa idadi. Hata hivyo kizazi cha 2003 kilitoka kikubwa ajabu, kikaibeba kazi ya uvuvi kwa zaidi ya miaka kumi, huku vizazi kadhaa vilivyokifuata vikitoka haba. Kisha ikaja 2015, halafu 2018, 2019 na 2021, vizazi vinono vikifuatana hadi kiwango kikapita milioni 10. Wavuvi wa Maumee walikuwepo miaka ile mizuri na ile mibaya, wakiwa na suruali zile zile za mpira. Tofauti ilitoka kwenye majira: baridi ilikuwa kali kiasi gani, maji yalipata joto taratibu au kwa kushtukiza, dhoruba ya Aprili ilisukasuka mayai au iliyapitia mbali, vifaranga walikuta chakula au walikuta maji matupu. Wala si wolai wote wa Erie wanaopanda mto. Sehemu kubwa hutaga ziwani kwenyewe, kwenye miamba iliyozama upande wa magharibi, ambako hakuna anayesimama kiunoni.

Kuna pia jambo la nani mwingine anayekula. Mwaka 1970 zebaki kutoka viwandani ilikutwa kwenye samaki wa Erie, na uvuvi wa wolai wa kibiashara ukafungwa. Wakati huo ziwa lilikuwa na sifa mbaya. Mwaka mmoja nyuma Mto Cuyahoga, unaoingia Erie huko Cleveland, ulikuwa umeshika moto kwa mafuta yaliyoelea juu yake. Mapumziko yale, pamoja na sheria za kusafisha maji zilizofuata, yaliwarudisha wolai kwa wingi. Ndugu yake mwenye rangi ya buluu, aliyekuwa akivuliwa kwa matani kwenye ziwa hilo hilo, hakurudi. Mwaka 1983 alitangazwa kuwa ametoweka. Tangu uvuvi ule wa kibiashara ulipofungwa, Ohio haimruhusu mtu kuuza wolai aliyevuliwa upande wake, wakati Ontario, ng'ambo ya Canada, inaendelea na nyavu. Mkahawa wa Toledo unaokukaangia wolai kwa kawaida umemtoa Canada. Kiwango cha mwaka hupangwa kwa pamoja na kugawanywa kwa ukubwa wa maji ya kila mmoja: Ohio asilimia 51.11, Ontario 43.06, Michigan 5.83. Na samaki hawatambui mgao huo. Wakimaliza kutaga Maumee hutawanyika kuelekea mashariki, wengine hupanda Mto Detroit hadi Ziwa Huron, kwa hiyo jike aliyeponyoka ndoano ya Perrysburg anaweza kuishia kwenye wavu wa Ontario kiangazi hicho hicho.

Swali la nani anakula liliwahi kuwa zito kuliko la lini, na mahali pake ni Wisconsin. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, walipotia saini mikataba ya 1837 na 1842 waliachia ardhi lakini wakabakiza haki ya kuvua juu yake. Jimbo liliipuuza haki hiyo hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoithibitisha mwaka 1983. Basi kila machipuko, barafu ikishayeyuka, walitoka usiku na taa na mikuki kuwachoma wolai waliokuja kutaga kando ya maziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walipokewa kwenye vituo vya mashua na umati uliowarushia mawe na matusi ya rangi, kwa kisingizio cha kulinda samaki. Lakini kila ziwa lilikuwa na kiwango chake, kila samaki alihesabiwa usiku ule ule akishushwa, na jumla ya waliochomwa ilikuwa ndogo kuliko ya wale waliovuliwa kwa mshipi kiangazi chote bila mtu kupiga kelele. Mtu yule yule aliyekasirishwa na mkuki wa Aprili Wisconsin angeweza kuendesha gari siku moja akavue Aprili Maumee, na asione kinyongo. Ukitaka kujua kama hoja ya kulinda mayai ni ya mayai kweli, mwangalie anayeishika ndoano.

Kwa hiyo ruhusa ya Maumee inasimama juu ya vitu vitatu: samaki wengi, zana iliyobanwa, na mtu wa kutazama. Ondoa kimoja na hesabu inageuka. Mto Sandusky unabeba kundi dogo zaidi, na kwa zaidi ya karne moja bwawa la Ballville kwenye mji wa Fremont liliwazuia samaki kuifikia changarawe ya juu. Bwawa hilo lilibomolewa mwaka 2018. Ubomozi ule, nadhani, una thamani kwa wolai kuliko wiki nyingi za kuwafukuza wavuvi, maana uliongeza mahali pa kutagia, na mahali ndipo panapopungua. Maumee nao una ugonjwa wake. Sehemu ya bonde lake ilikuwa kinamasi kikubwa kilichokaushwa karne ya 19 kuwa mashamba, na mbolea ya mashamba hayo hushuka na mto hadi ziwani. Agosti 2014 mwani wenye sumu uliostawi kwa mbolea hiyo ulifanya watu zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake waambiwe wasinywe maji ya bomba kwa siku tatu hivi. Katika siku hizo hakuna aliyemtaja mvuvi wa Machi.

Mwishoni mwa Aprili majike wameshaondoka, na kwenye changarawe wamebaki madume wachache waliokonda, mapezi yamechakaa kwa mawe. Mistari ya watu hukatika, kwanza upande wa Perrysburg, kisha kwingine. Baada ya Mei 1 sheria ya jua kuzama hukoma na mto hufunguliwa usiku tena. Wakati huo samaki mwingine mdogo, mweupe, mwenye mistari ubavuni, naye anapanda kutaga, na mahali pale pale pa kugombewa mtu mmoja au wawili wamekwisharudi kusimama.